Mlaji wa Ukoo na Tumbo la Kikombe

Kama Jumamosi iliyopita gazeti lilikupita, usihangaike, nitakufupishia. Nilikuwa na uzito wa kupimwa kwenye mizani ya magunia. Nilikuwa na kidonda tumboni kilichonitapisha damu. Daktari Kamrudin, aliyekuwa amerudi kutoka ng'ambo na ujuzi mpya, akanilaza, akanipasua, akatoa sehemu kubwa ya tumbo langu. Alisema akikata kidonda peke yake ningerudi mwaka ujao na kingine, kwa hivyo heri akate na tamaa papo hapo.

Nikazinduka nikiwa na tumbo la ukubwa wa kikombe cha kahawa.

Leo nawaeleza jinsi kikombe hicho kilivyonipeleka Otonglo, kula nyumbani kwa mchawi.

Siku ya kuruhusiwa nyumbani, Sista Daxa, muuguzi wa wodi, alinipa sheria nne. Hakuniandikia. Alisema mtu akiandikiwa hupoteza karatasi, lakini akigombezwa hukumbuka.

Kula kidogo, mara sita kwa siku. Kila tonge litafunwe mara arobaini. Usinywe maji pamoja na chakula. Na ya nne aliisema akiwa amenielekezea kidole puani: usiguse kitu chenye sukari nyingi.

“Sukari itapita hapo kama maji ya mvua kwa mtaro,” akasema. “Utatoka jasho, moyo utakimbia, miguu itaisha nguvu. Ikitokea, lala chini nusu saa, itapita. Hutakufa, Mzee. Lakini utatamani.”

Nikarudi Kondele, mtaani kwangu hapa Kisumu, na sheria zangu.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa za uji mwepesi, kijiko baada ya kijiko, kama ndege anayelishwa na mama yake. Wiki ya tatu nikapandishwa cheo, nikapewa yai. Nilianza kulitafuna redio ikisoma habari za saa saba mchana. Nilipomeza kipande cha mwisho, walikuwa wameshamaliza habari, matangazo ya vifo, na nusu ya salamu za wasikilizaji.

Wiki ya nne mke wangu Nasambu akaniwekea omena kumi, wale dagaa wa ziwani, kwenye kisahani. Nikala wanne, nikashiba.

Wanne. Mimi niliyekuwa nikila ngege watatu, samaki wa kujaza sahani, na vichwa vyao, kisha nauliza chakula kiko wapi. Nilikaa nikawatazama wale omena sita waliobaki, nao wakanitazama. Sijawahi kuaibishwa na samaki namna ile.

Nikaanza kukonda. Si kukonda kwa polepole, la, kukonda kama nguo iliyoanikwa kwenye kamba. Jirani yangu Oketch, seremala wa vitanda na majeneza, akapita kunijulia hali. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kwa lile jicho la mtu anayekadiria mbao.

Akaniambia, “Jaduong', mzee wangu, usiwe na wasiwasi. Kuna mvule nimeuweka kando. Siuuzi kwa mtu mwingine.”

Nikamwambia mimi ni mzima, ni malaria tu. Akasema wote husema hivyo.

Sasa mtauliza, kwa nini malaria? Kwa nini nisiseme nimepasuliwa?

Ngoja niwaambie, na hapa ndipo aibu yangu ilipo. Katika ukoo wetu mimi nilikuwa na kazi. Watu wengine huchukuliwa kwenye posa kwa sababu wanajua kusema. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilijua kumaliza. Unajua desturi yetu sisi watu wa Bungoma. Sahani ikirudi jikoni na mabaki, mwenye nyumba husema wageni wamemdharau. Au hunyamaza na kuwaza neno baya zaidi, kwamba wageni wameogopa kuwekewa kitu. Nikikaa mimi, hakuna kilichorudi. Nimefunga ndoa kumi na tisa kwa meno haya. Nyingine zimevunjika, lakini si kwa sababu ya chakula.

Nimezunguka sana duniani. Nimechochea makaa kwenye treni, nimepika kwenye meli ya ziwa, nimekata miwa Muhoroni. Kote huko sikupata jina ila hilo moja: Laban Mlaji. Mtu akinyang'anywa jina lake la pekee atabaki na nini? Ndiyo maana Nasambu peke yake ndiye aliyejua ukweli, na nilikuwa nimemwapisha.

Wiki ya sita, Walter akaja.

Walter ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari kule Muhoroni. Hakuwa ameniona tangu mwaka uanze. Nilipomsikia mlangoni niliruka kitandani nikavuta blanketi mpaka kidevuni, katika joto la Kisumu la Februari, na kutoka huko chini nikamwambia karibu, mwanangu.

Akasema amepata mchumba. Nikafurahi. Akasema anaitwa Jentrix. Nikasema jina zuri. Akasema ni binti wa Wanyonyi, yule mhunzi wa Otonglo.

Nikavuta blanketi mpaka puani.

Hapakuwa na Mbukusu mwenzangu Kisumu nzima ambaye hakujua habari za Wanyonyi wa Otonglo. Walisema ana mambo. Walisema miaka saba iliyopita mgeni mmoja alikula kwake, akafa kabla ya wiki kwisha. Tangu hapo wajumbe wa posa walikuwa wameshakwenda mara mbili kwa ajili ya huyo Jentrix, na mara zote mbili walimega ugali, wakauchovya, wakauweka kando, wakasema wamefunga kwa maombi. Mzee akawafukuza. Akaapa kwamba hatatoa binti kwa ukoo unaoogopa chungu chake.

Kisha akasikia kwamba Kondele kuna mtu anayemaliza sahani.

“Baba mkubwa,” Walter akasema, “ametaka wewe, kwa jina. Ukila kwake ukamaliza, watu watanyamaza, na Jentrix ni wetu. Usipomaliza, tusirudi tena pale, wala nisimwandikie barua.”

Ndugu msomaji, hapo ndipo mtu mwenye akili angetoa mkono chini ya blanketi, ainue shati, amwonyeshe kijana mshono. Badala yake nikasikia sauti ikisema, “Mwambie aongeze kuku.”

Ilikuwa sauti yangu.

Alipoondoka, Nasambu akaja kusimama miguuni pa kitanda.

“Baba Nakhungu,” akasema, “wewe ni mjinga, au ni ile dawa ya usingizi bado iko kichwani?”

Nikamwambia nitamweleza Walter ukweli baada ya posa. Akataka kujua baada ya posa au baada ya mazishi. Nikamwambia kijana hana baba, baba yake ni mimi, na mchumba anampenda. Akasema basi mpende kwa kusema kweli. Nilikuwa nikitafuta koti.

Koti langu la posa lilikuwa limekuwa hema. Mzee Wanyonyi aliahidiwa mtu mkubwa kama ghala la mahindi, na mimi nilikuwa nimebaki nguzo ya ghala. Nikachukua lile blanketi, nikalizungusha tumboni, nikalifunga kwa mkanda. Nasambu alikuwa ameapa kwamba hatanisaidia kwa neno wala kwa mkono. Lakini aliponiona nimetokea na tumbo lenye pembe mbili, uzalendo ukamshinda. Akalifungua, akalikunja upya, akalipiga-piga likawa mviringo. Kama ni kudanganya, alisema, angalau danganya kwa unadhifu.

Jumamosi asubuhi Oketch akanibeba kwa baiskeli yake. Zamani hakukuwa na baiskeli katika mji huu iliyokubali kunibeba. Alinitazama tumbo, akatazama miguu yangu miembamba, akakanyaga pedali. Tulipofika karibu na Otonglo ndipo akageuza kichwa.

“Jaduong', hiyo malaria yako,” akasema, “inakuja na kwenda kwa tumbo tu?”

Nikamlipa kwa salamu na kumwacha hapo.

Walter alikuwa ananingoja na mfuko wa sukari begani, zawadi ya wakwe. Nyumba ya Wanyonyi iko nyuma ya soko, karakana mbele, jiko nyuma. Mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye mikono ya nyundo. Mkewe, Mama Metrine, huuza uji pale barabarani siku za soko, na siku hiyo ilikuwa ya soko. Jentrix alikuja kutunawisha mikono, akainamisha macho kama inavyotakiwa, akanimwagia maji mpaka kwenye kiwiko kwa sababu alikuwa akimwangalia Walter.

Chakula kikaletwa. Ugali wa wimbi kama kichuguu. Jogoo mzima, na nikiwaambia jogoo msidhani ni hawa wa siku hizi. Yule alikuwa ameona uhuru ukija.

Mzee Wanyonyi alionja kila kitu mbele yetu, mchuzi, nyama, ugali, mboga, kama mwenye nyumba anavyopaswa. Kisha akachukua kisahani kidogo, akaweka juu yake firigisi, ile tunayoiita imondo, akanisogezea kwa mikono miwili.

Sasa kwa wasiojua. Firigisi hupewa mgeni mkubwa, na mazungumzo hayaanzi kabla hajaimeza. Hakuna anayesema neno la maana. Watu hungoja. Kwa kawaida hungoja kidogo tu. Mimi zamani nilikuwa naimeza kama aspirini.

Nikaiweka mdomoni.

Moja. Mbili. Tatu.

Kufika ishirini ilikuwa bado haijajua kwamba inatafunwa. Kufika arobaini, ile hesabu ya Sista Daxa, ilikuwa imegeuka upande wa pili tu. Nikakumbuka kwamba kipande kizima kikikwama kwenye ule mlango mdogo alioshona Daktari Kamrudin, nitarudishwa chini ya kisu kwa machela. Nikaendelea.

Inzi mmoja alitua kwenye ugali, akazunguka, akaondoka. Walter alimega tonge la ugali, akalizungusha vidoleni. Nikafika hamsini. Macho yakaanza kunitoka machozi kwa uchovu wa taya, na kwa kuwa sikuwa na pa kuyapeleka, nikayakaza kwa Mzee Wanyonyi.

Mzee akajisogeza kwenye kiti. Akatazama mlango. Akanitazama tena. Mimi natafuna tu, namtazama.

“Basi,” akasema. “Basi, Bwana Laban. Naona umeshasikia.”

Sikuwa nimesikia chochote. Nilikuwa kwenye hamsini na tatu.

“Mtu hawezi kunitazama hivyo kama hajasikia,” akasema. “Sawa. Ile pembe niliitundika mimi mwenyewe.”

Na hapo, bila kuulizwa, akaanza kumwaga. Miaka saba iliyopita wezi walikuwa wanamaliza mahindi yake shambani. Akachukua pembe ya ng'ombe, akaifunga kitambaa chekundu na manyoya ya mbuzi, akaitundika kwenye njia ya shamba. Kisha akawaambia wanawake wawili sokoni, kwa siri kubwa, kwamba ni dawa aliyoitoa ng'ambo ya ziwa, na mwizi akipita atavimba. Aliwaambia asubuhi. Kufika jioni Otonglo nzima ilijua. Hakuna hindi lililoibwa tena.

Mwezi uliofuata akaja mgeni, akala, akashukuru, akaenda zake Muhoroni, akagongwa na trekta la miwa.

“Watu wakasahau trekta,” Mzee akasema, “wakakumbuka kuku.”

Nikasahau kutafuna. Walter alikuwa ameacha mdomo wazi. Lakini sote watatu tulikuwa tumemsahau mtu mmoja, Mama Metrine, aliyekuwa amesimama mlangoni na jagi la maji.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

“Miaka saba,” akasema. “Miaka saba nakaa pale barabarani na debe la uji. Wenzangu wanamaliza mawili, mimi narudi na langu kichwani. Nikadhani ni mkono wangu. Nikabadilisha unga. Nikabadilisha debe. Nikaenda kuombewa, Wanyonyi. Kumbe ni wewe.”

“Mama Jentrix,” Mzee akasema, “mahindi yalikuwa yanaibiwa.”

“Mahindi,” akasema Mama Metrine.

Akaweka jagi chini. Akaja mezani, akainua jogoo, akainua ugali, akainua mboga, akaweka vyote kwenye sinia moja. Hakuna atakayekula hapa, akasema. Akatoka navyo.

Ndugu zangu, niliona mbingu. Kwa shida nikaimeza ile firigisi, ikashuka salama, kikombe changu kikajaa pomoni, na mbele yangu meza ilikuwa nyeupe. Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimenyang'anywa. Hakuna ukoo unaoweza kumlaumu mtu aliyenyang'anywa sahani. Nilianza hata kufunga kifungo cha koti.

Mama Metrine akarudi.

Alisema mgeni atakula, kwa sababu mgeni hakukosa. Lakini hatakula gizani ndani ya nyumba, halafu kesho watu waseme hawakuona. Atakula kule nje, mbele ya hao hao waliosema. Na hatakula jogoo wa Wanyonyi. Atakunywa uji wangu, akasema, kibuyu kizima, mpaka chini. Akimaliza mbele ya soko, Jentrix aende. Asipomaliza, mimi kama mama nakataa, na huyu mwenye pembe hana la kusema.

Mzee Wanyonyi akainuka, akatafuta viatu vyake.

Nilimtazama Walter aniokoe. Walter alikuwa ameshanyanyuka, anatabasamu. Uji tu, alininong'oneza. Baba mkubwa, si uji tu?

Tukatoka kama maandamano. Mama Metrine mbele, kibuyu mikononi, kibuyu cha kiasi cha kichwa cha ndama, Walter nyuma na ule mfuko wa sukari. Kufika penye benchi lake akafunua debe alilokuwa ameliacha pale, akamimina uji. Kisha akafungua ule mfuko wa Walter, ule wa kutoka kiwandani, na kwa heshima ya mgeni akatia sukari. Si kijiko. Kikombe. Akanitazama, akaniona mkubwa, akatia kingine.

Soko lilikuwa limeshajua. Wauza viazi, wauza kamba, mama mwenye beseni la samaki, wote wakasogea, lakini si karibu sana. Mama Metrine akawaambia kwa sauti ya kutangaza mnada kwamba huyu ni mgeni wake, amekula kwake, na sasa anakunywa uji wake, wamwangalie vizuri mpaka mwisho.

Nikakaa kwenye benchi. Nikanywa.

Ulikuwa mtamu. Sitawadanganya, katika kuzunguka kwangu kote sijawahi kunywa uji kama ule, na nilimwonea huruma yule mama kwa miaka yake saba. Nilikunywa funda kumi, funda kumi na tano. Nikafika nusu. Mtu nyuma akasema yuko sawa huyo, mbona yuko sawa. Nikaona bega la Mama Metrine linashuka kidogo, kama mtu anayetuliwa mzigo.

Ndipo mtaro ukafunguka.

Kwanza jasho. Si jasho la jua. Lilitoka kwenye paji, kwenye shingo, likaingia ndani ya blanketi, na blanketi likawa zito kama kondoo aliyenyeshewa. Kisha moyo ukaanza kukimbia kama unaokimbilia treni. Kisha mikono. Kibuyu kikaanza kucheza chenyewe.

Mama mwenye samaki akarudi hatua moja nyuma.

Najua mnachosema. Sista Daxa alikuambia, Mzee, lala chini nusu saa. Ndiyo. Lakini fikirini. Mtu ametoka kula kwa Wanyonyi, amekunywa uji wa mke wa Wanyonyi, halafu anajinyoosha chini katikati ya soko. Nikilala, yule mzee ni mchawi mpaka kiama, Mama Metrine harudi tena barabarani, na Walter atamwona Jentrix kwenye picha. Nikakataa kulala. Nikasimama.

Miguu haikuafikiana nami. Nikashika benchi.

“Ameanza kuvimba,” mtu akasema.

Hapo nikaona sina njia ila moja, ile aliyonionyesha mke wangu tangu mwanzo. Nikasema kwa sauti kwamba huu si uchawi. Mama huyu hana kosa na mzee huyu hana kosa. Mimi nilipasuliwa tumbo zaidi ya wiki sita zilizopita, daktari akalipunguza, na sasa sukari hainipendi. Nimewaficha kwa sababu ya aibu. Kama hamuamini, tazameni.

Nikafungua koti.

Nilikuwa nimesahau blanketi. Mkanda ulikuwa umelegea kwa jasho. Likateleza lote kwa mara moja, likaanguka miguuni pangu, pu, likitoa mvuke.

Soko zima lilitazama chini.

“Tumbo lake limeanguka,” akasema yule mama wa samaki, polepole, kama anayetaka wengine wathibitishe.

Viazi vilibaki peke yao. Watu walirudi mpaka ng'ambo ya barabara, na kutoka huko wakasimama kuangalia. Nikaona bado kuna nafasi ya kuokoa jambo. Nikapandisha shati, nikawaonyesha mshono, kutoka kifuani mpaka kitovuni, alama za uzi zote zikiwepo.

Nikawapigia kelele, “Mnaona? Nilikatwa kabla sijafika hapa.”

Mzee mmoja muuza kamba akatikisa kichwa kwa masikitiko.

“Kwa hivyo alikuwa ameshaanza nawe,” akasema, “wewe bado uko kwako.”

Basi. Nikalala chini.

Nililala chali pale penye vumbi, nikifuata sasa agizo la Sista Daxa neno kwa neno, na kutoka chini niliona viatu tu. Viatu vya Mzee Wanyonyi vilikuja vikasimama karibu na sikio langu. Hakunitukana. Alisema kwa upole kwamba alikuwa ameniita nimsafishe, na sasa hata wale waliokuwa na shaka hawana tena. Viatu vya Mama Metrine vilikuwa vimegeukia upande wa nyumbani, lakini haviendi.

Kisha ikaja miguu mitupu, yenye unga wa wimbi kwenye vidole.

Jentrix alichukua kibuyu kutoka kwenye benchi. Msichana anayeposwa hali wala hanywi mbele ya wageni wa posa, hilo mnalijua, hata tone. Akakiinua mbele ya watu wote wa ng'ambo ya barabara, akanywa. Nilisikia koo lake. Alipokishusha akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono.

“Nimekula kwa baba yangu miaka ishirini na miwili,” akawaambia. “Nani ameniona nimekufa?”

Mtu mmoja, nadhani ni muuza viazi, akarudi hatua mbili kuelekea viazi vyake.

Nikaanza kupata pumzi. Moyo ukapunguza mwendo. Nikamwona Walter amekuja mbio, uso umejaa furaha, anataka kumshika mkono, anasema ndivyo, Jentrix, umewaweza, wamekoma.

Lakini yeye hakumpa mkono. Alimpa kibuyu.

“Bado kuna kidogo,” akasema. “Tangu uje asubuhi macho yangu yako kwako, Walter. Ugali uliumega, hukuula. Maji ulishika, hukunywa. Mzee wa watu amelala hapo kwa ajili yako, mgonjwa, na wewe hujaweka kitu cha kwetu mdomoni.”

Walter akacheka kidogo. Akasema alikuwa anamwachia Baba mkubwa, kwani si ndivyo ilivyopangwa?

“Sasa hakuna Baba mkubwa,” akasema Jentrix.

Walter akakipokea kibuyu. Alikishika kwa mikono miwili, usawa wa kifua, akachungulia ndani kama mtu anayetazama kisima. Ng'ambo ya barabara walikuwa wameanza kusogea tena, hatua kwa hatua. Mzee Wanyonyi alikuwa ameshika pumzi. Mama Metrine alikuwa amegeuka.

Kijana akainua macho kutoka kwenye kibuyu, akayaleta kwangu pale chini. Yalikuwa macho ya zamani, nayajua, wamenitazama nayo watu kumi na tisa kabla yake. Yalisema, Baba mkubwa, nimalizie.

Nami nikiwa chali, mshono nje, kikombe kimejaa, nikamtikisia kichwa kwamba siwezi.

Kibuyu kikapanda mpaka kidevuni, kikasimama hapo.